Masimulizi ya Wazee Yanahitaji Ruzuku, Siyo Mkopo



Mwaka 1945, katika kisiwa cha Ukerewe, Aniceti Kitereza alimaliza kuandika kitabu kikubwa kwa lugha ya Kikerewe. Kitabu hicho kilieleza maisha ya mume na mke, Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka, pamoja na watoto wao. Lakini ndani yake mwandishi alikuwa ameweka karibu kila jambo alilolijua kuhusu Wakerewe wa zamani: namna walivyoposa, walivyolima, walivyovua samaki na walivyowatibu wagonjwa wao. Lengo lake halikufichika. Aliona lugha na mila za watu wake zikififia, akataka vijana wa baadaye wazikute mahali. Kipaji alikuwa nacho, na bidii alikuwa nayo. Kilichokosekana ni mchapishaji wa kutoa fedha kwa kitabu kinene cha lugha inayosemwa na watu wachache. Mswada ukakaa. Uhuru ukapatikana, Azimio la Arusha likatangazwa, mswada ungali umekaa. Katika uzee wake Kitereza akaufasiri mwenyewe kwa Kiswahili, na mwaka 1980 Tanzania Publishing House ikautoa. Mwaka uliofuata mzee akafariki dunia.

Wasomi wa fasihi hupenda kuieleza habari hii kuwa ni mfano wa uvumilivu wa mwandishi. Uvumilivu ulikuwapo, hapana ubishi. Hata hivyo mtumishi anayeshughulika na bajeti angefanya vema kuisoma kwa jicho lingine. Hii ni habari ya fedha kidogo ambazo hazikupatikana kwa wakati wake, na kwa ajili hiyo kitabu ambacho leo kinasomwa hata katika lugha kadhaa za Ulaya kilikaa miaka 35 bila kusomwa na wale walioandikiwa.

Fedha za namna hiyo ndizo zinazohusika na mazungumzo haya: ruzuku kwa kazi za masimulizi, historia na lugha zinazofanywa na wananchi wenyewe katika vijiji na mitaa yao. Wataalamu huziita kazi hizo taaluma za insia. Kijijini hazina jina. Huko ni mzee na jamvi lake, vijana watatu waliokuja kuuliza, na mwalimu mwenye daftari.

Tanzania inayo kazi moja ya aina hiyo ambayo ilifanyika kwa wakati wake, na inafaa itazamwe kwa makini. Mwaka 1968 Chuo Kikuu Kishiriki cha Dar es Salaam, kilichokuwa wakati huo sehemu ya Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, kiliwatuma wanafunzi wa historia kwenda kuwahoji wazee juu ya Vita vya Maji Maji vya 1905 hadi 1907. Gilbert Gwassa alikuwa amekwisha kuzunguka Umatumbi na sehemu za jirani akikusanya ushahidi, na yeye na John Iliffe walitoa kijitabu cha kumbukumbu za vita hivyo. Kabla ya hapo sehemu kubwa ya habari zilizoandikwa ilitokana na Wajerumani: ripoti za maofisa, barua za wamisionari na vitabu vya makamanda waliochoma vijiji na maghala ya chakula. Wanafunzi wale walikwenda kumuuliza aliyechomewa.

Hesabu ya umri ndiyo inayoonyesha thamani ya kazi hiyo. Mtoto aliyekuwa na miaka 10 vita vilipoanza alikuwa na miaka 73 mwaka 1968. Kijana aliyekuwa na miaka 20 alikuwa na 83. Kama kazi ile ingeahirishwa kwa miaka 10 ili kungoja fedha, wa kwanza angekuwa na miaka 83 na wa pili 93, iwapo wangalikuwa hai. Ingeahirishwa kwa miaka 20, chuo kingebaki na Wajerumani peke yao.

Wala matunda ya utafiti huo hayakuishia katika kabati za chuo. Mwaka 1969 Ebrahim Hussein alitoa tamthilia yake ya Kinjeketile, iliyonufaika na utafiti wa Gwassa, na tangu hapo wanafunzi wengi wa Kiswahili wamekutana na mganga wa Ngarambe darasani. Ni vigumu kupima faida ya namna hiyo kwa vipimo vya kawaida vya miradi. Mwaka 1968 hakuna ofisa yeyote ambaye angeweza kujaza kwenye fomu kwamba miongoni mwa matokeo yanayotarajiwa ni tamthilia. Fomu nyingi za leo zingeikataa kazi ile kwa sababu hiyo hiyo.

Watu wengi hudhani kwamba kukusanya masimulizi ni kazi isiyo na gharama, maana maneno hayanunuliwi. Siku hizi dhana hiyo imepata nguvu zaidi, kwa kuwa karibu kila kijana ana simu ya mkononi inayonasa sauti. Ni kweli kwamba chombo kimekuwa rahisi. Kazi haikuwa rahisi. Mzee haongei kwa saa moja akamaliza. Siku ya kwanza huuliza habari za wazazi wa anayemhoji, siku ya pili hueleza yale ambayo kila mtu anayajua, na huenda siku ya nne ndipo akafika kwenye jambo lenyewe. Mwenye kuhoji hana budi kurudi mara kwa mara, na kila safari ni nauli ya pikipiki. Haendi mikono mitupu. Atachukua sukari, majani ya chai, pengine na dawa ya mzee. Nyumbani kwa mzee huyo kuna binti au mkwe anayeacha shamba ili akae karibu, ampe maji na kumkumbusha majina.

Baada ya hapo ndipo kazi nzito inapoanza. Saa moja ya sauti iliyonaswa huweza kuchukua siku nzima kuandikwa neno kwa neno, na zaidi ya siku ikiwa mzee amesema kwa lugha ya kabila lake na maneno ya zamani ambayo mwandishi mwenyewe lazima akayaulize. Kisha kuna kufasiri kwa Kiswahili, kulinganisha maelezo ya mzee mmoja na mwingine, kurudi kumsomea yale aliyoyasema ili ayasahihishe, kupiga chapa, na kutoa nakala za kutosha ili familia ipate, shule ipate, ofisi ya kijiji ipate. Miradi mingi hufa hapo katikati. Sauti hubaki ndani ya simu. Simu huibiwa au huanguka majini, na mzee naye huwa amekwisha kuzikwa. Kwa hiyo ruzuku inayonunua vyombo na kusahau mshahara wa mwandishi wa maneno ni sawa na kununua jembe bila kuwa na mkulima.

Lipo jambo lingine ambalo watumishi wa halmashauri wanalijua kuliko mtu mwingine yeyote, nalo ni hesabu. Masurufu yakichukuliwa lazima yarejeshwe kwa stakabadhi. Mzee aliyepewa kilo mbili za sukari hana mashine ya EFD. Mwenye pikipiki aliyevuka mto na mwalimu mgongoni hana kitabu cha risiti. Matokeo yake yanajulikana: mwalimu mwaminifu huogopa kuchukua fedha hizo asije akaandikiwa hoja ya ukaguzi, na asiye mwaminifu huzichukua akafanyia semina hotelini, kwa sababu hoteli inatoa stakabadhi safi kabisa. Kanuni zilizowekwa kuzuia wizi zinaisukuma fedha kutoka jamvini kwenda ukumbini. Wahasibu wakiamua, hawashindwi kuandaa hati rahisi yenye kushuhudiwa na Ofisa Mtendaji wa Kijiji kwa ajili ya malipo madogo madogo ya aina hii. Ni suala la kutaka tu.

Na hizo semina! Hapana semina ya utamaduni inayofunguliwa bila mtu kukumbusha kwamba mzee anapokufa huwa imeungua maktaba. Hoja hiyo Amadou Hampâté Bâ wa Mali aliitoa mbele ya UNESCO mwaka 1960, naye aliitoa akidai hatua zichukuliwe. Sasa imekuwa pambo la hotuba. Waliokusanyika huitikia kwa vichwa, hunywa chai, hutia sahihi ya posho, na maktaba huendelea kuungua.

Tatizo haliko katika wasikilizaji peke yao. Njia zenyewe za kupatia fedha hazijapangwa kwa ajili ya kazi hii. Mwaka 1997 Serikali ilitoa Sera ya Utamaduni, na mwaka uliofuata ukaanzishwa Mfuko wa Utamaduni Tanzania, ambao mfadhili wake mkuu alikuwa Sweden. Ulikuwa mfuko wa kutoa ruzuku, na watu wa sanaa na utamaduni waliunufaika. Mfadhili alipojitoa, kisima kikakauka. Haifai kumlaumu mgeni kwa kuondoka, mgeni huondoka. Mradi wa Lugha za Tanzania wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ulioanza mwaka 2001 na kutoa kamusi ndogo za lugha nyingi pamoja na Atlasi ya Lugha za Tanzania mwaka 2009, nao ulitegemea fedha za Sweden hiyo hiyo. Kwa hiyo kwa muda mrefu kumbukumbu ya lugha za wakulima na wafugaji wa Tanzania ilikuwa ikilipiwa na mlipa kodi wa Stockholm. Anastahili shukrani kwa hilo, na watu wazima wanaopanga bajeti ya nchi huru hawana budi kuona haya kidogo.

Katika miaka hii ya 2020 Serikali imeufufua mfuko huo, nao sasa unaitwa Mfuko wa Utamaduni na Sanaa. Hilo ni jambo jema. Lakini safari hii kazi yake iliyotangazwa sana ni kutoa mikopo yenye masharti nafuu kwa wasanii kupitia mabenki. Kwa mwanamuziki anayenunua vyombo vyake, kwa mtengeneza filamu, kwa fundi wa batiki, mkopo ni msaada wa kweli. Ana bidhaa, ana soko, atauza na kurejesha. Bibi wa miaka 85 anayeeleza jinsi mama zake walivyoisoma dalili ya mvua na kugawana mbegu wakati wa njaa hana cha kuuza. Mwalimu anayemhoji hana cha kuuza. Kijitabu watakachokitoa nakala 200 hakitalipa hata nusu ya karatasi zake. Nani atarejesha mkopo huo, na kwa riba gani? Kuwaambia watu hawa wakakope ni kuwafukuza kwa adabu.

Ikumbukwe pia kwamba kila halmashauri hutakiwa kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Utaratibu huo una makusudi mema ya uzalishaji mali. Wazee kama wazee hawamo, na masimulizi hayamo. Hali kadhalika Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, iliyotolewa kwa mara ya kwanza Aprili 2023, ni heshima kubwa kwa waandishi. Lakini tuzo humpata aliyekwisha kumaliza mswada. Kitereza angeweza kuipata mwaka 1945. Yule asiyejua kuandika, ambaye kitabu chake kimo kifuani, tuzo haimfikii mpaka kwanza mtu mwingine alipiwe kwenda kumsikiliza.

Huenda wengine wakashangaa kusikia kwamba mmojawapo wa mifano mikubwa ya fedha za umma kutumika kukusanya masimulizi unatoka Marekani, nchi ambayo kila kitu husemwa kiachiwe soko. Mwaka 1935, wakati wa mdororo mkubwa wa uchumi, Serikali ya nchi hiyo iliwaajiri waandishi, walimu na makarani waliokuwa hawana kazi katika Mradi wa Waandishi. Baina ya mwaka 1936 na 1938 baadhi yao walitumwa kuwahoji wazee weusi waliokuwa wamezaliwa utumwani. Utumwa ulikuwa umekomeshwa mwaka 1865. Aliyekuwa na miaka 10 wakati huo alikuwa na 81 mwaka 1936. Yalikusanywa masimulizi zaidi ya 2,300 katika majimbo 17, nayo yamehifadhiwa katika Maktaba ya Bunge mjini Washington. Mwaka 1939 Bunge likaukatia mradi fedha za Serikali Kuu. Wazee wale walikuwa wamekwisha kusema. Leo mtu yeyote anayeandika juu ya utumwa wa Marekani hana budi kupitia kwao.

Mradi huo haukukosa kasoro, na kasoro zake zinafundisha kuliko sifa zake. Wengi wa waliohoji walikuwa Wazungu, katika majimbo ambayo mtu mweusi aliweza kuuawa kwa neno moja. Aidha wazee wengi walikuwa maskini, na wapo waliodhani kwamba mgeni mwenye karatasi ametumwa na Serikali kuleta msaada au pensheni. Mtu wa namna hiyo huchagua maneno. Husema mabwana wa zamani walikuwa wema, chakula kilitosha, viboko vilikuwa vichache. Anayeyasoma masimulizi hayo leo lazima ajiulize kila mara nani alikuwa ameketi upande wa pili.

Swali hilo linahusu Tanzania moja kwa moja. Ofisa akifika kijijini na gari la Serikali, faili mkononi na Mwenyekiti ubavuni, akamuuliza mzee habari za Operesheni Vijiji ya miaka ya 1973 hadi 1976, atapata risala. Mzee atataja shule iliyojengwa na kisima kilichochimbwa, na hayo ni ya kweli. Hatataja nyumba iliyobomolewa kabla ya mvua, wala migomba iliyoachwa ikiwa na mikungu, wala mtoto aliyeugua njiani, iwapo hayo yalimpata. Kijana wa ukoo wake akirudi mara tano atayasikia yote mawili, shule na migomba. Historia iliyokamilika inahitaji yote mawili. Chama kilichowahi kujikosoa hadharani hakina sababu ya kuogopa ushuhuda wa wananchi wake, na mtoa ruzuku atakayetaka masimulizi ya kusifu tupu ni heri asitoe fedha yoyote. Waandishi wa risala hawapungui.

Kuhusu Marekani, kisa hakikuishia mwaka 1939. Mwaka 1965 ulianzishwa kwa sheria mfuko wa taifa wa taaluma za insia, na baadaye yakawapo mabaraza 56 katika majimbo na maeneo mengine yaliyo chini ya nchi hiyo, yakigawa ruzuku kwa maktaba za miji midogo, makumbusho ya kata, vikundi vya masimulizi na shule. Yalijengeka kwa miongo mingi. Aprili 2025 Serikali ya nchi hiyo ikazifuta kwa ghafla ruzuku nyingi za mfuko huo, za mabaraza hayo zikiwamo. Shirika binafsi la Mellon likatoa dola milioni 15 za dharura kuyanusuru mabaraza, na mashauri yakafikishwa mahakamani. Nchi tajiri kuliko zote, kazi ya miaka 60, na barua za siku chache.

Wapo watakaosema: hayo ni ya Wamarekani na siasa zao. Lakini mtu anayeangalia upande wa Dar es Salaam na upande wa Washington kwa pamoja anaona jambo moja. Huku fedha zilikauka kwa kuwa mwenye kisima alikuwa mgeni. Kule zilikauka ingawa kisima kilikuwa cha wenyewe, kwa kuwa bomba lote lilipita katika mkono mmoja. Ruzuku ya masimulizi yafaa itoke mahali pengi na padogo: kidogo katika fungu la halmashauri, kidogo katika mfuko wa taifa, kidogo katika shule, na kingine kitokane na wananchi wenyewe, kwa chakula, malazi na muda wao. Mmoja akianguka wengine wanashikilia mpaka mavuno. Wakulima hawajapata kupanda shamba zima kwa mbegu ya aina moja.

Ipo hoja nzito inayopaswa kujibiwa. Diwani atauliza: zahanati haina dawa, watoto wanakaa chini kwa kukosa madawati, nani ataidhinisha fedha za hadithi? Anayeuliza hivyo si adui wa utamaduni. Ana wapiga kura. Jibu la kwanza ni la kiasi. Kazi ya kata moja kwa mwaka mzima, ikifanywa na walimu na vijana wa hapo hapo, haifikii gharama ya warsha moja ya siku tatu katika hoteli ya mjini, na warsha hizo hupitishwa bila mjadala. Jibu la pili ni la muda. Dawati lisilonunuliwa mwaka huu linaweza kununuliwa mwaka ujao, kwa shida na kwa aibu, lakini linaweza. Mzee hana mwaka wa fedha. Aliyekuwa na miaka 10 Waingereza walipoanza mradi wao wa karanga huko Kongwa mwaka 1947 alizaliwa mwaka 1937. Aliyepiga kura ya kwanza ya watu wote akiwa na miaka 21 mwaka 1962 alizaliwa mwaka 1941. Mama aliyehamia kijiji kipya akiwa na mtoto mgongoni mwaka 1974 amekwisha kupita miaka 65, hata kama alikuwa binti mdogo wakati huo. Hata askari mdogo kabisa wa Vita vya Kagera vya 1978 na 1979 sasa ni mzee.

Wapo pia majirani wa kambi za wapigania uhuru, Kongwa, Nachingwea na Mazimbu. Habari za viongozi waliopita huko zimeandikwa vya kutosha, na mabango yamewekwa. Lakini akina mama waliowauzia maziwa, mafundi waliowajengea, watoto waliocheza nao mpira, wanayo yao. Namibia, Msumbiji na Afrika ya Kusini watakuja siku moja kuuliza. Itakuwa vizuri wakute pamehifadhiwa kitu.

Kuhifadhi nako kuna mambo yake. Mwaka 1950 Hugh Tracey alizunguka Tanganyika akirekodi ngoma na nyimbo za sehemu mbalimbali. Kanda zake zimehifadhiwa Afrika ya Kusini, katika maktaba ya muziki aliyoianzisha mwaka 1954. Zimetunzwa vizuri, na haki yake apewe. Ila mjukuu wa mwimbaji akitaka kumsikia babu yake lazima kwanza ajue kwamba yuko huko. Hivyo sharti moja ambalo kila ruzuku ingefaa kuwa nalo, awe mtoaji ni wa ndani au wa nje, ni nakala kubaki pale pale ilipotoka kauli. Shule ya msingi ya kijiji inafaa kuliko mahali pengine, kwa kuwa ina kabati, ina mwalimu, na kila mwaka ina wasomaji wapya. Nakala ya pili ikae wilayani kwa Ofisa Utamaduni. Ya tatu ipelekwe Nyaraka za Taifa. Gharama ya nakala hizo iandikwe katika maombi ya fedha tangu mwanzo, isiwe jambo la kukumbukwa mwisho, fungu likiwa limekwisha.

Na maombi yenyewe yaandikwe kwa Kiswahili. Bado wapo wafadhili, na hata ofisi za hapa hapa, wanaowataka wanakijiji wajaze kurasa nyingi za Kiingereza kueleza kwa nini wanataka kuihifadhi lugha yao. Wanaofaulu ni wale wenye mjuzi wa kujaza fomu mjini. Kikundi cha wazee kisicho na usajili, akaunti ya benki wala hesabu zilizokaguliwa za miaka mitatu huishia mlangoni, ingawa ndicho chenye mali. Shule inaweza kukidhamini. Serikali ya Kijiji inaweza kukidhamini. Zote mbili zina akaunti na zote mbili hukaguliwa.

Mkutano Mkuu wa Kijiji hukutana kila baada ya miezi mitatu, na mapendekezo ya bajeti hupita hapo kabla ya kupanda kwenye kata na halmashauri, ili yawahi mwaka wa fedha unaoanza Julai 1. Mwalimu anayeishi kijijini ni mjumbe wa mkutano huo kama mkazi mwingine yeyote mtu mzima. Ajenda huandaliwa na Ofisa Mtendaji, na nafasi ya "mengineyo" huwapo. Orodha ya wazee wa kijiji waliozaliwa kabla ya mwaka 1945 inaweza kuandikwa jioni moja, kwenye ukurasa wa daftari, kwa msaada wa mabalozi wa nyumba kumi.